Mume, Mke na Mdhamini: Historia ya Haki ya Kumleta Mwenzi wa Ndoa nchini Kanada, 1885–2025

Makala haya yanachunguza jinsi sheria ya Kanada ilivyomtendea mtu aliye ndani ya nchi ambaye mkewe au mumewe amebaki nje. Siku hizi jambo hilo hupita katika njia inayojulikana: raia au mkazi wa kudumu hujitoa kuwa mdhamini, huiahidi serikali kwamba atamtunza mwenziwe, na mwenzi huyo akikubaliwa hupewa naye hadhi ya mkazi wa kudumu. Njia hiyo imezoeleka hata wengi hudhani ilikuwapo tangu mwanzo. Haikuwapo. Kwa muda wa miaka zaidi ya sitini swali kubwa halikuwa jinsi ya kumdhamini mke, bali wake wa watu gani wasiingie kabisa. Na hata baada ya ubaguzi wa rangi kufutwa katika maandishi ya sheria, jambo moja lilibaki palepale: haki iliyotolewa ni ya yule aliye ndani, wala si ya yule anayengoja nje. Jambo hilo ndilo linalofuatwa hapa kipindi baada ya kipindi.

Msomaji wa Kongo ana sababu ya kulitazama kwa karibu. Tangu vita vya 1996 na 1998, jamaa nyingi za mashariki ya nchi zimetawanyika katika mabara mengi, na Kanada, hasa jimbo la Quebec linalosema Kifaransa, ni mojawapo ya mahali ambapo baadhi yao wamejaribu kukusanyika tena.

Maneno yenyewe

Ni vema kuanza na maneno, kwa kuwa mara nyingi neno huhifadhi historia ambayo sheria imekwisha kuisahau. Kitenzi cha Kilatini «spondere» kilikuwa na maana ya kuahidi kwa neno zito mbele ya watu. Katika sheria ya Roma, mmoja aliuliza: «Spondes?», mwingine akajibu: «Spondeo», na papo hapo deni likafungwa. Kutoka kitenzi hicho yalizaliwa «sponsus» na «sponsa», mwanamume na mwanamke walioahidiwa, ambayo Kifaransa kimeyageuza kuwa «époux» na «épouse». Kutoka kitenzi hichohicho lilitoka «respondere», kuahidi kwa kujibu, na mwishowe «répondant», jina ambalo sheria ya Kanada katika Kifaransa humwita mdhamini. Neno la Kiingereza «sponsor» ni la ukoo uleule. Kwa hiyo mke na mdhamini, kwa asili ya majina yao ya Kizungu, ni watoto wa ahadi moja. Sheria ndiyo iliyowatenga, ikaifanya ahadi ya pili, ile inayotolewa kwa serikali, kuwa sharti la kuishi ahadi ya kwanza. Kuhusu «parrainage», jina la kitendo chenyewe, hilo limetoka kwa «parrain», baba wa ubatizo. Mume au mke anageuzwa mzazi wa mwenziwe mbele ya dola.

Kiswahili kimelipanga jambo hili kwa namna nyingine. Msamiati wa ndoa (kuoa, kuolewa, kuposa, mahari) hauna udugu na msamiati wa dhamana, uliotoka Kiarabu na unaotumiwa kwa mfungwa anayetolewa kifungoni, kwa mkopo na kwa mali iliyowekwa mikononi mwa mwingine. Mtu akisema kwamba anamdhamini mkewe, msikilizaji wa Kiswahili husikia mlango wa gereza na daftari la madeni kabla hajasikia arusi. Pengine si vibaya asikie hivyo. Zaidi ya hayo, sarufi ya Kiswahili sanifu humpa mwanamume kauli ya kutenda, anaoa, na mwanamke kauli ya kutendwa, anaolewa. Sheria ya uhamiaji imeeneza sarufi hiyo kwa kila mwenzi, awe mwanamume au mwanamke: aliye ndani anadhamini, aliye nje anadhaminiwa.

Kodi ya kichwa

Kati ya mwaka 1881 na 1885 Wachina wapatao 15,000 walifanya kazi katika ujenzi wa reli ya Canadian Pacific, katika sehemu ya magharibi iliyokuwa na milima na hatari kubwa. Reli ilipokwisha mwaka 1885, Bunge lilipitisha sheria ya kumtoza kila Mchina anayeingia kodi ya dola 50. Mwaka 1900 sheria iliipandisha kodi hiyo hadi dola 100, na mwaka 1903 hadi dola 500, kiasi ambacho kibarua aliweza kukipata kwa kazi ya karibu miaka miwili. Jina lake, kodi ya kichwa, lisimchanganye msomaji wa Kongo. Kodi ya kichwa ya wakati wa Wabelgiji ilitozwa kila mwaka ili kumsukuma mtu aende kutafuta kazi ya mshahara. Hii ya Kanada ilitozwa mara moja, mlangoni, ili kumzuia asiingie. Watu wapatao 81,000 waliilipa hadi mwaka 1923.

Athari yake kwa ndoa ilikuwa rahisi kuitabiri. Kibarua aliyekopa dola 500 kwa ajili ya nafsi yake hakuweza kukopa nyingine 500 kwa ajili ya mkewe. Wafanyabiashara wakubwa walipewa msamaha. Wafuaji nguo, wapishi na wachimba migodi hawakupewa. Sensa ya 1921 ilikuta wanaume wa Kichina wapatao kumi na watano kwa kila mwanamke mmoja wa Kichina. Waandishi wa magazeti ya wakati huo walitazama mitaa hiyo ya wanaume watupu, wakasema kwamba Mchina hana moyo wa kujenga jamaa. Walioweka kizuizi ndio waliokuja kushangaa kwamba hakuna anayepita!

Hapa kulinganisha na Katanga kunaangaza jambo. Kampuni ya Union Minière nayo, katika miaka yake ya kwanza, ilitegemea vibarua wa mikataba mifupi waliowaacha wake zao vijijini. Magonjwa, utoro na gharama ya kutafuta watu wapya kila mara viliishawishi kubadili njia: kuanzia mwaka 1928 hivi ilieneza mikataba ya miaka mitatu, ikawatia moyo wafanyakazi kuja na wake zao, na mke akapata mgao wake wa chakula kambini. Haikuwa huruma. Kampuni ilipiga hesabu, ikaona kwamba mtu aliye na mke hukaa, na kwamba watoto wanaozaliwa kambini ndio wafanyakazi wa kesho. Wenye mamlaka wa Kanada walipiga hesabu ileile, wakaona vilevile kwamba mtu aliye na mke hukaa, na kwa sababu hiyohiyo wakaukataa mlango. Katika nchi zote mbili mke alihesabiwa kama msumari wa kumpigilia mume mahali.

Tarehe 1 Julai 1923, siku ileile ambayo Kanada husherehekea kuundwa kwake, kodi ilifutwa na mahali pake pakawekwa katazo. Kwa miaka ishirini na minne iliyofuata, Wachina walioruhusiwa kuingia kama wahamiaji hawakufika hamsini. Wachina wa Kanada waliiita siku hiyo siku ya fedheha, nao wakakataa kuisherehekea. Sheria ilimruhusu mwanamume kuondoka na kurudi mradi asipitishe miaka miwili nje. Hivyo ndoa nyingi za wilaya za kusini mwa Uchina ziliishi kwa ziara: mume alirudi, mtoto akatungwa mimba, baba akapanda meli kabla ya kumwona akitembea. Wanawake hao walijulikana kwao kama wake wa Mlima wa Dhahabu, kwa maana ndivyo Wakantoni walivyoiita Amerika ya Kaskazini. Na ujane wao ulikuwa ujane wa waume walio hai. Walipokea fedha na barua. Japani ilipouteka Hong Kong Desemba 1941, njia ya fedha ilikatika, na katika vijiji vilivyotegemea bahasha hizo njaa ilifuata.

Mke wa kweli na mke wa picha

Wahindi walizuiwa kwa hila nyingine. Amri ya 1908 ilimtaka mhamiaji afike kwa safari moja isiyokatika kutoka nchi yake, na hapakuwa na kampuni ya meli iliyofanya safari kama hiyo kutoka India. Meli ya Komagata Maru iliyojaribu kuvunja amri hiyo mwaka 1914, ikiwa na abiria 376, ilizuiwa katika bandari ya Vancouver kwa miezi miwili kabla ya kurudishwa. Kilichobadili mambo ni damu ya askari wa Kihindi katika vita vya 1914–1918. Mkutano wa Vita wa himaya ya Waingereza wa mwaka 1918 ulikubali kwamba Mhindi aliyekwisha kukaa kwa kudumu katika nchi nyingine ya himaya aweze kumleta mkewe na watoto wake wadogo, na Kanada ikatoa ruhusa hiyo mwaka 1919. Masharti yalikuwa mawili: mke mmoja tu kwa kila mwanamume, na Serikali ya India ithibitishe kwa cheti kwamba huyo ni mke wa halali. Sharti la pili lina uzito katika historia hii. Hapo ndoa iliyofungwa kwa desturi, ambayo ilijulikana na kijiji kizima, ilianza kuhitaji karatasi kutoka ofisi ili iwe ndoa mbele ya ofisi nyingine.

Wajapani walikuwa na bahati ya kuwa raia wa dola yenye nguvu. Mapatano ya 1908 kati ya Tokyo na Ottawa yaliweka mpaka wa wanaume 400 kwa mwaka, lakini wake hawakuingizwa katika hesabu hiyo. Ndipo ilipostawi ndoa ya picha: jamaa mbili zilipatana huko Japani, jina la mwanamke likaandikwa katika daftari la ukoo wa mume, na bibi arusi akavuka bahari kwenda kumtafuta bandarini mwanamume aliyemjua kwa picha tu. Kwa sheria ya Japani ndoa ilikuwa kamili tangu kalamu ilipogusa daftari. Mwaka 1928 mapatano mapya yalipunguza idadi hadi 150, safari hii wake wakihesabiwa ndani yake, na ndoa za picha zikakomeshwa.

Kumpokea na kumtunza

Mizizi ya udhamini wa leo imo katika amri mbili za miaka ya shida kubwa ya uchumi. Ya kwanza, ya Septemba 1930, ilihusu Waasia peke yao: aliyeweza kumleta mke na watoto walio chini ya miaka 18 ni raia wa Kanada tu. Ya pili, ya Machi 1931, iliwahusu wahamiaji wengine: ilitosha mtu awe amekubaliwa kisheria na awe anakaa nchini, mradi awe katika hali ya kuwapokea na kuwatunza wanaomtegemea. Maneno hayo mawili, kupokea na kutunza, yalikuja kuwa moyo wa sheria yote iliyofuata. Yaliandikwa wakati ambapo wasio na kazi walipanga foleni za chakula katika kila mji, na hofu iliyoyazaa haikuwa hofu ya mgeni kama mgeni, bali ya mdomo wa ziada.

Vita vya pili vya dunia vilionyesha kwamba serikali ikitaka, mambo huenda kwa namna nyingine kabisa. Askari wa Kanada waliokaa Ulaya, hasa Uingereza, walioa huko. Mwezi wa Agosti 1944 ofisi maalumu ya wake wa askari ilianzishwa mjini London. Mwaka 1945 iliamriwa kwamba wake na watoto hao wapokewe kwa hadhi ileile waliyokuwa nayo waume, na gharama ya safari ilibebwa na serikali, kwa meli na kwa garimoshi. Meli ya Mauretania iliwashusha wa kwanza wa mpango huo mkubwa mjini Halifax tarehe 10 Februari 1946. Kwa jumla walikuja wake zaidi ya 43,000 na watoto wapatao 21,000. Hakuna aliyeulizwa kama mumewe ana kazi, wala kama walifahamiana kwa muda wa kutosha kabla ya arusi, ingawa wengi wao walioana baada ya kujuana kwa miezi michache, kati ya likizo moja ya vita na nyingine. Katika mwaka uleule wa 1946, askari wa Kikanada mwenye asili ya Kichina (wapatao 600 walitumika katika jeshi) hakuweza kumleta mke kutoka Guangdong. Katazo la 1923 lilikuwa bado linasimama.

Lilifutwa tarehe 14 Mei 1947. Wiki mbili kabla yake Waziri Mkuu Mackenzie King alikuwa amelieleza Bunge kwamba watu wa Kanada hawataki uhamiaji ubadilishe sura ya taifa lao. Basi mlango ulifunguliwa kwa upana wa amri ya 1930 tu, yaani kwa wake na watoto wa raia. Uraia wenyewe wa Kanada ulikuwa umeanza tarehe 1 Januari mwaka huohuo, na Wachina wengi hawakuwa nao. Mzee aliyekaa Kanada miaka thelathini ilimbidi kwanza aombe uraia, angoje, aape, ndipo amwombee mkewe, ambaye naye alikuwa amezeeka. Foon Sien Wong, kiongozi wa chama cha Wachina cha Vancouver, alisafiri hadi Ottawa mwaka baada ya mwaka, kwa muda wa miaka kumi na mmoja, akidai sheria ilegezwe. Alipata kidogo kidogo. Mwisho wa 1950 umri wa watoto uliinuliwa hadi 21, na waume wa wanawake raia wakatajwa; amri ya 1930 iliondoka mwaka 1956. Kanuni za 1962 zilifuta sehemu kubwa ya ubaguzi wa rangi, zile za 1967 zikafuta uliosalia. Mwaka 1967 pia raia aliyemwombea jamaa yake akakataliwa alipewa haki ya kukata rufani. Sheria ya uhamiaji ya 1976, iliyoanza kazi Aprili 1978, ilitaja kuunganisha jamaa kuwa mojawapo ya makusudi yake, ikaunda fungu la wahamiaji wa familia.

Haki ya rufani inastahili kuangaliwa tena. Ni nani aliyepewa? Mdhamini. Mke aliye Bukavu au Manila, ambaye ndiye aliyehojiwa na ndiye ambaye maneno yake yalitiliwa shaka, si yeye anayekwenda mbele ya baraza la rufani kwa haki yake mwenyewe. Mumewe ndiye anayekwenda. Na ikiwa mume amechoka, au amepata mwingine, rufani haiko. Mpaka leo ndivyo ilivyo.

Kiunganishi kimoja

Rangi ilipokwisha kuwa kipimo, vilibaki vipimo viwili: mfuko wa aliye ndani na ukweli wa ndoa. Kwa upande wa mfuko Kanada imekuwa na upole kuliko wengine. Marekani tangu mwaka 1997 humtaka mdhamini aonyeshe mapato ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Uingereza iliweka pauni 18,600 kwa mwaka mnamo 2012, kisha ikapanda hadi 29,000 mwaka 2024. Ubelgiji, kwa sheria ya 2011, ilidai asilimia 120 ya kiasi cha msaada wa kujikimu. Kanada kwa kawaida haidai kiwango maalumu kwa ajili ya mwenzi wa ndoa, ila humkataa anayeishi kwa msaada wa serikali kwa sababu isiyo ya ulemavu. Hata hivyo ilikuwa na kodi yake: mwaka 1995 ilianzisha ada ya dola 975 kwa kila mtu mzima anayepewa ukazi, na wapinzani wake hawakukawia kuiita kodi ya kichwa iliyofufuka. Ilipunguzwa kwa nusu mwaka 2006, mwaka uleule ambao Waziri Mkuu Stephen Harper alisimama Bungeni, tarehe 22 Juni, kuomba radhi kwa ajili ya ile ya kwanza. Malipo ya dola 20,000 yalitolewa kwa waliolipa kodi hiyo waliokuwa wangali hai, wachache mno, na kwa wajane au wagane wa waliokufa.

Kwa upande wa ukweli wa ndoa, mkazo umeongezeka. Sheria mpya iliyoanza kazi tarehe 28 Juni 2002 ilipanua maana ya mwenzi, ikawatambua pia wanaoishi pamoja bila ndoa na wenzi wa jinsia moja. Lakini kanuni zake zilikataa ndoa ambayo si ya kweli na ambayo ilifungwa hasa kwa ajili ya kupata hadhi ya uhamiaji. Tarehe 30 Septemba 2010 kanuni hiyo ilibadilishwa. Mwanasarufi atafurahi, mwanasheria atasikitika: badiliko kubwa lilikuwa la kiunganishi kimoja. Palipokuwa na «na» pakawekwa «au». Chini ya kanuni ya kwanza, ofisa alipaswa kuyaona makosa yote mawili pamoja. Watu waliooana kwa haraka kwa sababu ya hati, kisha wakapendana na kuzaa, waliweza kuokoka. Chini ya ile ya pili, kosa moja latosha. Ndoa iliyo ya kweli kabisa leo yaweza kukataliwa kwa sababu ya nia iliyokuwamo siku ilipofungwa, na ndoa iliyofungwa kwa nia safi yaweza kukataliwa kwa sababu leo haionekani ya kweli. Ni nadra kuona neno la herufi mbili likipewa kazi nzito kama hiyo.

Hatua nyingine zilifuata upesi. Mwaka 2012 aliyedhaminiwa alikatazwa kumdhamini mwenzi mwingine kabla ya miaka mitano. Mwezi wa Oktoba mwaka huo ukazi wa wenzi waliojuana kwa muda mfupi, wasio na watoto, ulifungwa kwa sharti la kukaa pamoja miaka miwili. Wengi walionya kwamba sharti hilo linamfunga anayepigwa katika nyumba ya anayempiga, kwani kutoka ni kupoteza hadhi. Kulikuwa na msamaha kwa waliotendewa ukatili, lakini kuudai kulihitaji ujuzi, ushahidi na ujasiri ambao mtu aliyefika juzi hana. Serikali iliyofuata ililifuta sharti hilo mwaka 2017, ikitaja hofu ileile.

Ndoa ya hatua nyingi mbele ya fomu ya tarehe moja

Hapa ndipo ndoa za Kongo zinapokutana na historia hii. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inatambua ndoa iliyofungwa katika jamaa kwa kufuata desturi, mradi iandikishwe kwa ofisa wa serikali, na inataka mapatano ya mahari. Lakini ndoa ya kidesturi haizaliwi kwa siku moja. Kuna siku ya kubisha hodi kwa wazazi, siku ya mahari au sehemu yake, siku ya kumtoa bibi arusi. Na kati ya siku hizo miezi, hata miaka, inaweza kupita. Fomu ya uhamiaji ina nafasi ya tarehe moja. Mume akiandika siku ya mahari na mke akitaja katika mahojiano siku ya kuandikishwa, hakuna aliyesema uongo, na jalada linarudi na neno la shaka.

Tena, sheria ya Kongo inaruhusu kwa sababu nzito mmoja wa waoanaji awakilishwe na mtu mwingine kwa idhini ya hakimu. Na ndoa ya Kiislamu, inayojulikana vizuri Maniema na pwani ya Afrika ya Mashariki, inaweza kufungwa kwa wakili. Tangu Juni 2015 Kanada haikubali ndoa za namna hiyo kuwa msingi wa udhamini: wote wawili sharti wawe wamehudhuria kwa mwili. Mwanamume anayehofia kurudi nchi aliyoikimbia hawezi tena kumtuma mdogo wake asimame mahali pake. Mwaka 2015 umejibu vilevile kama ulivyojibu mwaka 1928.

Gumu zaidi ni sharti la 2002 linalosema kwamba jamaa ambaye hakutajwa na kuchunguzwa wakati mdhamini mwenyewe alipopewa ukazi hawezi kudhaminiwa baadaye. Kwa mtu aliyeficha mke kwa hila, sharti hilo lina mantiki. Kwa mkimbizi aliyeamini mkewe amekufa msituni mwaka 1997, akaandikwa kambini kama mtu asiye na mke, kisha akapata habari zake akiwa Montréal, ni adhabu ya kudumu kwa kosa la kutojua. Mpango wa majaribio ulioanza tarehe 9 Septemba 2019 uliwafungulia mlango baadhi yao, kwa namna ya upendeleo wa muda. Sharti lenyewe halikuguswa.

Ahadi inayoishi kuliko ndoa

Mdhamini hutia sahihi hati ya kuahidi kwamba mwenziwe hatakuwa mzigo kwa hazina. Kabla ya 2002 ahadi ya Ottawa ilidumu miaka kumi kwa mwenzi wa ndoa. Tangu hapo ni miaka mitatu. Ndani ya muda huo, msaada wowote wa kujikimu utakaotolewa kwa aliyedhaminiwa ni deni la mdhamini. Talaka hailifuti. Mke akimwacha mume wiki ya pili, au mume akimfukuza mke, hati inaendelea kuishi. Wadhamini wanane wa jimbo la Ontario walilipeleka jambo hilo mahakamani, baadhi yao wakidaiwa deni kwa ajili ya watu ambao hawakuishi nao tena. Tarehe 10 Juni 2011, katika kesi inayojulikana kwa jina la Mavi, Mahakama Kuu ya Kanada iliamua kwamba serikali inaweza kudai deni lote. Hata hivyo inapaswa kumwarifu mdhamini, kumsikiliza kuhusu hali yake, na inaweza kuahirisha malipo. «Spondeo» ya Warumi haikuwa imekufa.

Katika Quebec ahadi hiyo hutolewa kwa serikali ya jimbo, kwa mujibu wa mapatano ya 1991 kati yake na Ottawa. Jambo hilo ndilo lililowezesha hatua ya hivi karibuni. Kwa kipindi cha tarehe 26 Juni 2024 hadi 25 Juni 2026 jimbo lilijiwekea mpaka wa kupokea maombi 13,000 ya kudhamini, kati ya hayo 10,400 yakiwa ya wenzi na ya watoto wanaotegemea waliotimiza miaka 18. Nafasi za fungu hilo la wenzi zilijaa Julai 2025, karibu mwaka mzima kabla ya kipindi kwisha. Sheria ya shirikisho haikuwa na mpaka wa namna hiyo kwa wenzi wa ndoa wa majimbo mengine. Aliyekaa Ottawa aliweza kupeleka jalada lake, na aliyekaa Gatineau, ng'ambo ya mto, aliambiwa angoje.